Kazi ya Kunyamaza

Kamanda wa kituo cha zimamoto alipompigia simu, Mwalimu alimwacha amalize yote aliyokuwa nayo, kisha akamwambia jambo moja tu: yule mwendesha pampu wenu ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja.

Kamanda akajibu kwamba analijua hilo. Kituo kizima kinalijua. Ndiyo sababu namba yake ilikuwa imekaa mezani wiki nzima bila kupigwa. Lakini wengine wanaoifanya kazi ya kukutanisha watu kama yeye, alisema, ni watu wa makao makuu, na vijana wake wakiliona gari la makao makuu likiingia getini, kila mmoja anakuwa bubu.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Wiki saba nyuma ghala la magodoro lilishika moto, zamu zote mbili zikaitwa. Watu wa zamu ya kwanza waliingia ndani na mpira wa maji, wakiongozwa na Sajini. Wa zamu ya pili walibaki nje, na pampu ya gari ikawa mikononi mwa mdogo wake Mwalimu, ambaye pale kituoni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Walimwita Pampu. Katikati ya kazi maji yakakatika. Yalikatika dakika nne. Watu wakatoka na moshi nyuma yao, na mmoja wao, aliyeitwa Mrefu, hakutoka.

Tangu siku ile zamu mbili hazikusalimiana. Zamu ya kwanza walisema hadharani kwamba hawataingia kwenye jengo lolote ikiwa Pampu ndiye anayewapa maji. Zamu ya pili wakasema kama ni hivyo, na wao hawaendi. Wachunguzi walikuja, wakawahoji mmoja mmoja mlango ukiwa umefungwa, na kila mmoja akatoka na maneno yale yale kana kwamba wamekaririshwa. Kamanda mwenyewe aliitisha vikao viwili. Cha kwanza nusura watu washikane mashati. Cha pili hakuna aliyefungua kinywa tangu mwanzo mpaka mwisho, na Kamanda alikiri kwamba hicho ndicho kilichomtisha zaidi.

"Nina watu wanaoingia motoni huku wanaangalia nyuma," alisema. "Nitazika mwingine."

Mwalimu alikuwa ameacha kufundisha shule ya msingi miaka minane iliyopita, jina la kazi likabaki. Sasa alikuwa mwezeshaji wa mikutano, tena ya aina ambayo watu wengi wakielezwa wanadhani wanataniwa. Hakuna ajenda. Hakuna meza kuu. Viti vinapangwa duara, na ukuta mmoja unaachwa mtupu. Mwenye jambo linalomchoma anainuka, analiandika kwenye karatasi, analisema kwa sauti, anaibandika ukutani pamoja na saa na pembe atakayokaa. Wengine wanakwenda wanakotaka. Ukiona ulipo huna unachopata wala unachotoa, unainuka, unahamia pengine, na hakuna wa kukuuliza. Mwezeshaji akishafungua mkutano, kazi yake ni kukaa. Haongozi, hashauri, hafanyi majumuisho. Anashikilia tu ile nafasi isije ikabomoka, na hilo halionekani kwa macho. Wifi yake mmoja aliwahi kumwuliza kama kweli mtu mzima anavaa, anachana nywele, anapanda basi, kwenda kukaa kimya. Mwalimu alicheka, akasema ndiyo, na jioni narudi nimechoka kama niliyebeba mchanga.

Jioni ya siku ile ile Pampu alifika kwa dada yake. Alikataa kuketi. Alisimama karibu na friji, kofia mkononi, akamwambia asije. Mwalimu akasema ameitwa na Kamanda, si na yeye. Pampu akasema watu watadai amekuja kumsafisha. Mwalimu akamwuliza, nisipokuja ndiyo wataacha kudai?

Pampu alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na utu uzima ulikuwa umekifukuza mpaka karibu kiishe, lakini kilirudi akibanwa. Mwalimu alimpita kwa miaka kumi na moja. Mama yao alifua mashuka ya hospitali kwa zamu, kwa hiyo aliyembeba mgongoni ni dada, aliyempeleka shule ni dada, na aliyemalizia maneno yake kila yalipokwama, dukani, shuleni, mbele ya wageni, ni dada. Mtoto alikuwa akisema "nataka su... su..." na Mwalimu tayari amekwisha kuomba sukari.

"Basi njoo," Pampu alisema mwishowe. "Ila usinisaidie. Hata kidogo. Ukinisaidia tu, nimekwisha."

Mwalimu akamwahidi.

Siku ya mkutano magari yote matatu yalitolewa nje yakapangwa uani, na kituo jirani kikakubali kupokea simu zote mpaka saa kumi alasiri. Mwalimu alifika mapema. Ukumbi ulikuwa ni pale pale magari yanapolala: sakafu ya saruji yenye madoa ya mafuta, mabuti yamepangwa ukutani, makabati ya chuma upande wa kushoto. Alipanga viti thelathini na kimoja na cha kwake. Kamanda alimwuliza kama haingefaa kuweka kiti kimoja kitupu kwa ajili ya marehemu. Mwalimu alifikiri, akasema hapana. Watu wangekitazama hicho kiti siku nzima badala ya kutazamana.

Waliingia saa tatu, wakakaa kwa zamu. Nusu duara huku, nusu duara kule, na kila upande kiti kimoja kitupu kama mpaka, hadi Kamanda na mwanamke wa chumba cha simu, waliyemwita Dada wa Simu, walipokuja kuvikalia kwa kukosa pengine. Sajini alikaa mkabala kabisa na Mwalimu. Alikuwa mtu wa makamo, mpana wa kifua, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kidole. Pampu alikaa mwisho wa zamu yake, viganja juu ya magoti.

Mwalimu alianza na lililokuwa zito. Alisema yeye ni dada yake Pampu, na kama kuna mtu anaona kwa sababu hiyo hawezi kukaa, mlango uko wazi na hatamlaumu. Akaongeza kwamba hawezi kuwaahidi kuwa litakalosemwa humu halitakuwa na matokeo nje. Hana uwezo huo. Anachoahidi ni kwamba hakuna atakayelazimishwa kusema wala kukatizwa.

Sajini hakunyoosha mkono. "Na mdogo wako akibanwa," aliuliza, "utatoka nje?"

"Sitatoka. Wala sitasema."

"Haya," akasema Sajini. "Tutaona."

Mwalimu akawaeleza utaratibu kwa maneno machache, akaweka karatasi na kalamu nene katikati ya duara, akarudi kuketi. Kisha ukimya ukaanza.

Ukimya alikuwa ameuzoea. Katika mikutano mingi ulidumu dakika moja, mbili, mtu akachoka nao akainuka. Ukimya uliozidi wote aliowahi kuuona ulikuwa wa dakika sita, kwenye chama cha wafugaji nyuki waliogombana juu ya msitu. Alijua kinachotokea ndani yake wakati kama huo. Kwanza kinywa kinajaa maneno mazuri: labda sikueleza vizuri, labda nitoe mfano. Halafu mkono unataka kugusa kitu. Halafu inakuja hofu yenyewe, inayosema kwamba safari hii hakuna atakayeinuka, na watu wazima thelathini na mmoja wamekaa wanakutazama ukiumbuka. Alishajifunza kutoiamini hofu hiyo. Mwezeshaji akivunja ukimya, watu wanamtwisha mzigo wote, wanakunja mikono, na siku imeharibika.

Dakika sita zikapita. Mtu alikohoa. Dakika ya nane Kamanda akamtupia jicho la kuomba msaada, na yeye akatazama doa la mafuta lililokuwa karibu na kiatu chake, akalitazama kana kwamba alitumwa kulisoma. Jasho lilimtiririka mgongoni ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi.

Dakika ya kumi akainuka dereva wa gari la kwanza, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, mtu wa zamu ya kwanza. Aliandika polepole, akasoma: "Mitungi ya hewa, nani anaikagua?" Akaibandika. Baada yake wakafuata wengine watatu: ratiba ya likizo, mabuti yanayovuja, redio zinazokoroma. Mambo ya pembeni, lakini Mwalimu hakuyadharau. Watu huanza kwa kugusa maji na kidole cha mguu.

Ndipo Pampu akainuka.

Alikwenda katikati, akapiga magoti, akaandika. Aliposimama kuligeukia duara na karatasi kifuani, Mwalimu aliona shingo ya mdogo wake ikikaza, na akajua kabla hajafungua kinywa.

"Da..." alisema Pampu. "Da... da..."

Upande wa zamu ya kwanza mtu akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, "Anamwita dada yake."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Neno lilikuwa wazi pale kwenye karatasi, kila mtu aliweza kulisoma, na Mwalimu alilihisi limekaa tayari kwenye ulimi wake, zima, jepesi, kama sukari ile ya dukani. Aliikalia mikono yake. Alikaza meno mpaka taya likamuuma. Akamtazama mdogo wake usoni, bila kutikisa kichwa kumtia moyo, kwa maana hata hilo lingekuwa msaada. Vicheko vikaisha, na baada ya vicheko kukaja kitu kibaya zaidi, watu kutazama chini kwa aibu. Pampu akafumba macho. Akavuta pumzi.

"Dakika nne," akasema. "Pembe ya makabati. Saa tano."

Akaibandika, akarudi kukaa.

Wakati wa chai Kamanda alimvuta Mwalimu kando, nyuma ya ngazi. Alikuwa amebadilika rangi. Uchunguzi haujakwisha, alisema kwa sauti ya chini. Makao makuu wakisikia jambo lile limejadiliwa hadharani, kitakachokatwa ni kichwa chake. Akamwomba aitoe karatasi ile kimyakimya, watu wakiwa bado kwenye vikombe. Aseme imeanguka.

"Ukuta ule si wangu," Mwalimu alimwambia. "Na leo si wako pia. Ukitaka kuitoa, nenda kaitoe mbele yao."

"Unafanya hivi kwa sababu ya ndugu yako."

Neno lile lilimpata penyewe, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba si kweli. Alimjibu kwamba angefanya vivyo hivyo kwa karatasi ya yeyote, na alipokuwa akilisema hilo alijiuliza kama angeipigania vile karatasi ya mabuti yanayovuja. Kamanda akaondoka, akapita mbele ya ukuta, akasimama, akaisoma tena ile karatasi, akaenda zake bila kuigusa.

Saa tano watu wakagawanyika. Mitungi ya hewa ikapata watu kumi na wawili, redio saba, mabuti na likizo waliobaki. Kwenye pembe ya makabati kulikuwa na viti vitano na Pampu peke yake. Hata watu wa zamu yake mwenyewe waliomtetea wiki saba hawakwenda. Kumtetea mbali ya macho ilikuwa rahisi kuliko kwenda kukaa naye mbele ya watu.

Mwalimu alikusanya vikombe. Hilo mwezeshaji anaruhusiwa: kukusanya vikombe, kuokota karatasi, kuwa mtu asiye na maana. Alikusanya vikombe vilivyokuwa vimekwisha kukusanywa. Dakika tano. Dakika nane. Pampu alikaa wima, akitazama mbele, kama mtu anayengoja matokeo ya vipimo hospitalini. Dakika ya kumi na mbili Mwalimu hakuweza tena. Alijikuta amesimama nyuma ya kiti cha Dada wa Simu, aliyekuwa kwenye kundi la redio na ambaye usiku ule wa moto ndiye aliyeandika saa na dakika za kila kilichosemwa. Akainama, akamnong'oneza, je, huoni kama pale kwenye makabati unaweza kuhitajika?

Dada wa Simu aligeuka akamtazama. Hakuwa na ukali.

"Mwalimu," alisema, "si umesema kila mtu aende kwa miguu yake?"

Mwalimu akasimama wima. Masikio yalimwaka moto. Alisema samahani, akaweka sinia mezani, akatoka uani.

Nje jua lilikuwa limepanda. Alisimama ubavuni mwa gari la pili, kiganja juu ya mlango wa chuma uliopata moto, akajisema. Alikuwa ameahidi mara mbili, kwa mdogo wake na kwa duara zima, na ahadi zote mbili alizivunja kwa sentensi moja. Na hakuzivunja kwa ajili ya Pampu. Pampu alikuwa amekaa pale ametulia. Alichagua mwenyewe kukaa, na angekaa peke yake mpaka saa sita kama ingebidi. Aliyeshindwa kuvumilia kumwona ni yeye. Alidhani miaka minane imemfundisha kazi hii, kumbe ilikuwa imemfundisha kwa watu baki tu. Alifikiria kurudi ndani kutangaza kwamba hafai, Kamanda aendelee mwenyewe. Kisha akaona kwamba hilo nalo lingekuwa namna ya kukimbia kile kiti. Akajifuta uso kwa upindo wa khanga aliyojitanda, akaingia.

Pembe ya makabati ilikuwa na watu watatu. Yule dereva mzee alikuwa ameacha kundi lake mwenyewe la mitungi, ameketi kando ya Pampu, miguu ameinyoosha. Na mwingine wa zamu ya kwanza alikuwa anavuta kiti. Hakuna aliyewatuma. Mwalimu akaenda kukaa kwenye kiti chake katikati ya ukumbi, na safari hii akakaa kweli.

Hakuwa anasikia wanachosema. Kutoka pale hadi makabati zilikuwa hatua kama kumi na nne, na kelele za makundi mengine zilijaa katikati. Alichoona ni Pampu kuchukua chaki, kuchuchumaa na kuanza kuchora sakafuni: gari, mlango wa ghala, mstari mrefu wa mpira, bomba la barabarani. Watu wakaongezeka, mmoja, mmoja tena. Sajini hakuwa na kundi. Tangu saa tano alikuwa akizunguka kutoka pembe hadi pembe, mikono nyuma, kama mkaguzi. Sasa alisimama hatua mbili nyuma ya wale waliokaa, akakunja mikono kifuani. Alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaketi.

Mwalimu alihesabu pumzi zake. Pampu alikuwa anaeleza kitu akionyesha mchoro, akakwama, akaendelea. Sajini akauliza jambo. Pampu akajibu. Dereva mzee akaongeza neno, kidole chake kikionyesha mlango.

Ghafla Sajini aliinuka na kiti chake kikaanguka nyuma kwa kishindo kilichonyamazisha ukumbi wote. Alikuwa amesimama juu ya Pampu, ambaye bado amechuchumaa, kichwa chake usawa wa mkanda wa Sajini. Mwalimu akajikuta amesimama. Sheria yake aliijua: mwezeshaji anaingia kati mtu akitaka kuumizwa, si kabla. Lakini kabla ni lini, na kutaka kuumizwa kunaonekanaje kwa mtu aliye mbali hatua kumi na nne? Ngumi za Sajini zilikuwa zimekunjwa. Mguu wa Mwalimu ulikwenda hatua moja, wenyewe. Akausimamisha. Watu wa zamu zote mbili walikuwa wameinuka kwenye viti vyao. Pampu hakusimama wala hakujikinga. Aliinua uso tu.

Sajini akanyoosha mkono, akachukua ile chaki kutoka vidoleni mwake. Akapiga magoti na sare yake ile iliyopigwa pasi, juu ya mafuta, akaanza kuchora upande wa ndani ya mlango, mahali ambapo Pampu hakuchora kwa kuwa hakuwahi kufika.

Makundi mengine yakavunjika hapo. Watu walikwenda makabatini wawili wawili, wakasimama kuzunguka mchoro, zamu ya kwanza na ya pili zimechanganyika bila mtu kuangalia nani ni wa wapi. Kamanda alikwenda wa mwisho. Mwalimu alibaki na viti vitupu. Kila kiungo chake kilitaka kwenda kusikiliza. Hakwenda.

Saa nane walirudi kwenye duara kufunga. Kila mtu alipewa nafasi ya kusema au kupitisha. Wengi walipitisha. Ilipomfikia Sajini, alikaa kidogo akitazama magoti yake yaliyochafuka.

"Maji yalikatika dakika nne," alisema. "Hilo ni kweli. Lakini amri ya kutoka ilikuja kabla ya maji kukatika. Niliisikia kwenye redio. Nikamgusa bega aliyekuwa nyuma yangu, ndiyo ishara yetu ya kutoka, nikadhani ni Mrefu. Hakuwa Mrefu. Tulipofika nje sikuhesabu watu." Hakuna aliyemharakisha. "Wiki saba nimekuwa nikisema maji, maji. Nikiamka, maji. Leo huyu ananichorea, ananiambia hapa ndipo yalipokatika, na mimi naona kwamba saa hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kufika mlangoni. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua siku zote."

Kamanda akasema, kwa taabu, kwamba hilo itambidi aliandike kwa wachunguzi.

"Andika," alisema Sajini.

Pampu naye alikuwa na la kusema. Alisema bomba la barabarani lilipopungua nguvu alikimbia na mpira wa pili hadi bomba lililofuata, na safari ile ilimchukua dakika nne. Tangu siku ile ameikimbia tena mara nyingi, asubuhi, peke yake, akiwa na saa. Mara moja alitumia tatu na nusu. "Kwa hiyo mimi nami sijui," alisema. Alikwama mara mbili katika kuyasema hayo, na duara likamngoja.

Walioketi makabatini walikuwa wameandika ukurasa mmoja. Hakuna tena kugusa bega: anayetoka anamwita aliye nyuma yake kwa jina na anangoja ajibiwe. Mlangoni anasimama mtu na ubao, anaandika majina yanayoingia na kuyafuta yanayotoka. Na mabomba yote ya barabarani katika eneo lao yatapimwa nguvu kila mwezi na watu wawili, mmoja kutoka kila zamu. Saa kumi kasorobo magari yakarudishwa ndani, juu ya mchoro wa chaki.

Mambo hayakumalizika kwa kukumbatiana. Wachunguzi walipokea barua ya Kamanda, na Sajini akavuliwa uongozi wa kikosi cha ndani kwa mwaka mzima. Watu ishirini na tisa wa kituo walitia sahihi ombi kwamba asifukuzwe kazi. Pampu alikuwa wa tatu kusaini. Wawili wa zamu ya kwanza waliomba uhamisho na wakapewa. Sajini mwenyewe alikwenda kwa mke wa marehemu, pamoja na Kamanda. Waliyoyazungumza huko hayakutoka nje.

Mwalimu alimweleza mdogo wake kosa lake jioni ile ile, wakiwa kituo cha basi. Kwamba alimwendea Dada wa Simu. Pampu akasema anajua, ameshaambiwa. Wiki tatu hakufika kwa dada yake, hata mama yao akaanza kuuliza wamegombana nini, na Mwalimu akamjibu kwamba hawajagombana, wanapumzishana. Alipokuja hatimaye, alikuja Jumapili mchana na watoto wake wawili, akala, akalalamika kwamba wali una chumvi, na Mwalimu akajua yamekwisha.

Alikutana na Sajini mara moja tu baadaye, miezi minne mbele, kwa fundi viatu. Sajini alikuwa na binti yake mkubwa, ameshika kandambili iliyokatika. Walisalimiana, wakaulizana hali za nyumbani. Fundi alipoingia ndani kutafuta uzi, Sajini akamwuliza kama siku ile alikuwa anajua. Kama Pampu alikuwa amekwisha kumwambia.

"Sikujua chochote," Mwalimu alisema. "Hata mlipokuwa pale makabatini sikusikia neno."

Sajini akatikisa kichwa polepole. Alisema kwa wachunguzi aliulizwa maswali arobaini, akajibu yote, tena vizuri. Siku ile hakuna aliyemwuliza kitu. Alilisema hilo kama mtu anayelalamika, au labda alikuwa akishangaa, Mwalimu hakuweza kutambua.

"Na ungekuwa unajua yatakayokupata?" aliuliza.

Sajini alimtazama binti yake, aliyekuwa akijaribu kiatu cha mtu mwingine.

"Nisingeketi kwenye kile kiti," alisema. "Nakwambia kweli, Mwalimu. Ningepita zangu." Kisha fundi akatoka na uzi, na Sajini akainama kumwonyesha palipokatika. Alipomaliza, akamwambia Mwalimu amsalimie mdogo wake.

"Si mko naye kazini kila siku?"

"Tuko naye," alisema Sajini. "Msalimie tu."